Biashara ya Ndege: Maswali Yanayojirudia Kila Siku, na Majibu Yake kwa Mtu wa Dodoma

Haya ni maswali ambayo watu hawachoki kuuliza kila wakishika simu kukata tiketi, kuanzia watumishi wa Mtumba, ule mji wa serikali, wanaoitwa Dar ghafla mpaka wanafunzi wa UDOM wanaopiga hesabu ya kwenda kusoma nje. Yameanzia mepesi yanaenda magumu, na kama jambo lilishajibiwa sehemu nyingine utapewa namba ya swali ukasome huko, hatutarudia. Mengi ni ya dunia nzima, ya Dodoma yameingia pale yanapogusana.

## Mambo ya msingi

1. Hivi mashirika ya ndege yanapata faida kweli?

Yanapata, ila kiduchu, na sio yote. IATA, ambacho ndo chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria faida ya mwaka 2024 kwa dunia nzima kuwa zaidi ya dola bilioni 30. Ukisikia hivyo unasema hawa jamaa wanaogelea kwenye hela, mpaka uigawanye kwa abiria karibu bilioni 5 wa mwaka huo ndo unakuta ni dola 6 au 7 kwa kichwa, yaani haifiki elfu ishirini za madafu kwa mtu ambaye pengine kalipa milioni mbili. Katika kila shilingi mia iliyouzwa wanabaki na tatu na kitu. Afrika ndo balaa zaidi, huku kwetu makadirio yanacheza kwenye dola 1 hivi kwa abiria.

Na hiyo ni miaka mizuri jamani. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga waliungua zaidi ya dola bilioni 130 ndani ya miezi kumi na miwili. Tajiri Warren Buffett, ambaye kampuni yake ilikuwa na hisa kwenye mashirika manne makubwa ya Marekani, aliziuza zote mwaka huo huo akaondoka.

2. Sasa kama faida ni ndogo hivyo, hela yote ya tiketi inaenda wapi?

Mafuta ndo yanakula fungu kubwa, kwa kawaida robo ya gharama zote na mafuta yakipanda yanasogea kwenye theluthi. Afrika mafuta ya ndege ni ghali kuliko wastani wa dunia, IATA wanasema kwa asilimia 17 hivi. Halafu kuna mishahara ya marubani, mafundi na wahudumu, kodi ya kukodi ndege yenyewe (karibu nusu ya ndege za abiria duniani sio mali ya shirika linaloziendesha, ni za makampuni ya kukodisha kama AerCap ya Ireland), matengenezo, bima, ada za viwanja na ada za kuongozwa angani.

Kinachouma ni kwamba wote hao wanaolipwa wana nguvu kuliko anayewalipa. Uwanja wa ndege uko mmoja, huwezi kumwambia bei yako kubwa naenda kwa jirani. Watengeneza injini wakubwa wanahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na mara nyingi injini wanakuuzia kwa punguzo la maana kisha wanakula kwenye vipuri na matengenezo miaka ishirini ijayo. Mifumo ya mawakala ya kuuzia tiketi imeshikwa na watatu tu, Amadeus, Sabre na Travelport. Upande wa pili kuna abiria mwenye simu anayelinganisha bei za mashirika kumi kwa dakika moja na kuhama kwa tofauti ya elfu thelathini. Shirika limekaa katikati, linabanwa huku na huku, na ndo lenye jina kubwa kuliko wote na faida ndogo kuliko wote. Ukilielewa hili majibu mengi ya huko chini yatakuja yenyewe.

3. Mbona kila kitu ni dola wakati mimi nalipa shilingi?

Kwa sababu mafuta, kodi ya ndege, vipuri, bima na hata mafunzo ya rubani kwenye simyuleta vinalipwa kwa dola. Shirika linalobeba watu wa ndani linakusanya shilingi, linadaiwa dola. Shilingi ikilegea kama ilivyokuwa 2023 na 2024, gharama inapanda hata kama hakuna kilichobadilika kwenye ndege, na ukipandisha nauli kufidia abiria anarudi kwenye basi.

Kuna upande mwingine pia, shirika la nje linaweza kuuza tiketi nchini halafu likashindwa kutoa hela kwa sababu benki hazina dola. Nigeria ilifika huko, Emirates wakasitisha safari 2022 na kurudi Oktoba 2024.

## Bei ya tiketi

4. Inakuwaje jirani yangu wa siti kalipa nusu ya bei yangu?

Siti ya ndege ni kama nyanya za soko la Majengo saa kumi na mbili jioni, isipouzwa leo kesho haina thamani. Tofauti ni moja tu, mama wa nyanya jioni anashusha bei, mwenye ndege anapandisha. Na ana sababu. Anajua anayekata miezi miwili kabla ni mtu wa likizo au harusi, anahesabu hela na akiona kubwa anaahirisha, ila anayekata leo asubuhi kuruka mchana ni mtu wa kikao au msiba au ofisi inamlipia, huyo atalipa tu.

Kwa hiyo siti zile zile zinagawanywa kwenye mafungu ya bei, fungu la chini likiisha mfumo unafungua linalofuata. Waliolifanya hili kuwa sayansi ni American Airlines miaka ya 1980, walikuwa wanapambana na kampuni ya bei chee iitwayo People Express. Badala ya kushusha bei zote wakashusha za siti chache zile ambazo zingeruka tupu, na zingine wakaziacha juu. People Express haikuwa na mfumo wa kujibu, kufika 1987 ilikuwa imeshamezwa na wengine. Leo kila shirika lina mfumo kama huo, hivyo ukikuta bei imebadilika wakati unaenda kuchukua kadi mfukoni usidhani simu yako imelogwa, mara nyingi siti ya mwisho ya lile fungu imechukuliwa na mwingine.

5. Dar–Dodoma ni lisaa limoja tu hewani, mbona bei haifanani na umbali?

Kwa sababu gharama haifuati kilomita. Kupaa ndo kunakula mafuta, kupaa na kutua ndo kunachosha mashine, na ada za uwanja, watu wa kaunta, ukaguzi, yote hayo unayalipa sawa hata kama unaruka dakika hamsini. Safari ndefu inavigawanya kwa masaa mengi, fupi haina pa kuvigawanya.

Pili ni ukubwa wa ndege. Zile pangaboi, yaani ndege za propela, zinazofanya kazi njia hizi, Bombadia Q400 za ATCL (shirika letu la taifa) zina siti 76, ATR kubwa za Precision Air zinakaribia hapo. Dirimulaina, ile Boeing 787 ya safari ndefu, ina siti 262 na marubani ni wawili hapa wawili pale. Gharama kwa siti moja haiwezi kulingana hata kidogo. Tatu, hakuna foleni ya washindani kwenye njia hii, mashirika ni machache na abiria wao wengi nauli inatoka kwenye fungu la ofisi, soma swali la 6.

6. Bunge likianza bei inapaa, sio njama hii?

Sio lazima iwe njama, mfumo wa swali la 4 unatosha kabisa. Kikao cha bajeti kinaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa wabunge, makatibu, wataalamu wa wizara wanaoitwa kujibu hoja, watu wa semina na wadau wa kila aina, wote wanataka kuja Jumatatu asubuhi na kuondoka Ijumaa jioni. Ndege haziongezeki kwa kasi hiyo, mafungu ya chini yanaisha mapema, anayekuja kukata Alhamisi anakuta fungu la juu limebaki.

Lakini tuseme ukweli, soko ambalo mnunuzi mkubwa ni serikali halimnyooshi muuzaji. Mtumishi haulizi bei kwa sababu sio yake, anauliza saa. Ukiwa unasafiri kwa hela yako Dodoma, unashindana na mtu asiyeumia. Ushauri wa bure: ruka Jumanne mchana au Jumamosi, na kama unaweza ngoja Bunge liahirishwe.

7. Kwa nini kwenda Ulaya kwa kuunganisha Addis au Dubai ni rahisi kuliko ndege ya moja kwa moja?

Anayekupeleka moja kwa moja anajua unalipia muda wako. Anayekuzungusha anakuomba radhi kwa punguzo. Halafu shirika linalounganisha linajaza ndege moja kwa watu wa miji mingi, kwenye ndege ya Addis kwenda London kuna wa Dar, wa Kigali, wa Lusaka, wa Lilongwe, hivyo siti haibaki tupu kirahisi. Kwa msafiri wa Dodoma usisahau kujumlisha kipande cha kufika Dar, na ukikata tiketi mbili tofauti ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri wala hairudishiwi.

8. Begi hela, siti hela, maji hela, huu si wizi?

Ni mtindo uliokuja na mashirika ya bei chee. Southwest ya Marekani ilianza kuruka 1971 kwa kutumia aina moja tu ya ndege, Boeing 737, ili fundi ajifunze mashine moja na vipuri viwe vya aina moja, na ndege ikitua igeuke haraka maana ndege iliyosimama haiingizi kitu. Ryanair wa Ireland wakauchukua huo mtindo wakaubana mpaka mwisho, wakatenganisha nauli na kila kinachoizunguka, leo karibu theluthi ya mapato yao sio nauli ni hivyo vitu vya pembeni. Cha kuchekesha Southwest wenyewe walijivunia miaka mingi kwamba begi ni bure, Mei 2025 na wao wakaanza kutoza.

Wizi sio, ila kulinganisha bei kumekuwa kugumu makusudi. Linganisha jumla, na begi lako ndani yake.

## Wanaoshindana na wanaobana

9. Boeing na Airbus wana nguvu kiasi gani kwenye bei ya tiketi yangu?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndege kubwa za abiria zinatoka kwa hawa wawili, Wachina wameingia na C919 iliyoanza kubeba abiria 2023 ila bado iko karibu nyumbani kwao. Oda zilizosubiri ni maelfu kwa maelfu, ukiagiza leo unaambiwa uje muongo ujao. Mwaka 2024 Airbus walikabidhi ndege 766, Boeing 348 tu, baada ya mlango bandia kuchomoka angani kwenye ndege ya Alaska Airlines mwezi Januari, wakaguzi kuwabana, halafu mgomo wa wafanyakazi. Nyuma yake kulikuwa na 737 MAX kusimamishwa dunia nzima 2019 baada ya ajali mbili, ya Lion Air Indonesia na ya Ethiopian, zilizoua watu 346.

Ndege mpya zikichelewa, mashirika yanaendelea na za zamani zinazokunywa mafuta, na wakodishaji wanapandisha kodi. Nauli ikaja kwako.

Kwa pangaboi hali ni mbaya zaidi na watu hawaizungumzii. De Havilland Canada walisimamisha kuunda Q400 mpya 2021. Maana yake shirika linalotaka pangaboi mpya ya siti sabini leo kimsingi mlango uliobaki ni wa ATR. Miji ya saizi yetu ndo inategemea ndege hizo.

Na injini nazo. Airbus A220 za ATCL zilipaki kuanzia mwishoni mwa 2022 kwa sababu injini za Pratt & Whitney zilikuwa zinahitaji matengenezo kabla ya wakati, na hazikuwa zao peke yao, mashirika mengi duniani yalikwama na injini za kampuni hiyo. Ndege iliyopaki inaendelea kudaiwa.

10. Emirates, Qatar na Ethiopian wamewezaje wengine wakashindwa?

Jiografia kwanza. Dubai na Doha ziko mahali ambapo karibu watu wote wa Ulaya, Asia na Afrika wanaweza kuunganishwa kwa kituo kimoja. Emirates ilianza 1985 na mtaji wa dola milioni 10 na ndege za kukodi kutoka Pakistan, ikakua pamoja na mji wenyewe, uwanja, hoteli na sera za serikali vikavuta kamba upande mmoja. Mashirika ya Marekani yalilalamika sana 2015 kwamba hawa wa Ghuba wanapewa ruzuku, wao wakakataa.

Ethiopian ndo ya kusoma kwa makini maana haina mafuta wala mabilioni ya Ghuba. Ni ya serikali tangu ilipoanzishwa 1945, lakini serikali iliiacha iendeshwe kibiashara. Ina chuo chake cha marubani na mafundi, inatengeneza ndege za wengine, ina mizigo mikubwa iliyoibeba wakati wa korona abiria walipopotea, na imeweka hisa kwenye mashirika mengine kama ASKY ya Togo na Malawi Airlines ili yailetee abiria Addis. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema shirika la serikali haliwezi kufanya biashara mwambie aangalie kaskazini kidogo. Na ukisikia mtu anasema uzalendo unatosha mwambie aangalie hapo hapo, maana kilichowabeba ni hesabu.

11. Marekani kwenyewe ushindani huria ulileta nini?

Mpaka 1978 serikali yao ilikuwa inapanga nani aruke wapi kwa bei gani. Sheria ya mwaka huo ikafungua. Bei zikashuka, watu wa kawaida wakaanza kuruka, kampuni mpya zikazaliwa na nyingi zikafa. Pan Am, jina lililokuwa kubwa kuliko yote, lilizimika Desemba 1991. Delta na Northwest ziliomba ulinzi wa mufilisi, yaani mahakama iwakinge na wadai, siku moja, 14 Septemba 2005.

Walichoka kuuana wakaungana: Delta na Northwest 2008, United na Continental 2010, American na US Airways 2013. Sasa wanne wakubwa wanashika kama asilimia 80 ya soko la ndani. Mahakama ilizuia JetBlue kuinunua Spirit Januari 2024 ili abiria wabaki na mtu wa bei chee, Novemba mwaka huo Spirit wakaenda kuomba ulinzi wa mufilisi wenyewe. Yaani ukiruhusu waungane bei inapanda, ukikataa anayelinda bei anakufa, na hapo mimi sioni jibu jepesi.

12. SGR imeua ndege za Dodoma?

Haijaziua ila imeziondolea abiria wa kipato cha kati. SGR ilizinduliwa rasmi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, na nauli ya kawaida Dar–Dodoma ilipangwa 31,000. Treni ya haraka inatumia kama masaa matatu na nusu. Sasa piga hesabu ya ndege kwa uhalisia: kutoka mjini Dar mpaka uwanjani na foleni ya Nyerere Road, kuwahi mapema, kuruka, kusubiri begi, unakuta na wewe umekula masaa matatu, ukiwa umelipa mara kadhaa zaidi.

Wenzetu walishapita huko. Treni ya kasi Madrid–Barcelona ilipokamilika 2008 ilinyang'anya ndege abiria kwa kasi, na Ufaransa 2023 ikapiga marufuku safari za ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya masaa mawili na nusu. Kanuni inayojulikana ni kwamba treni ikiwa chini ya masaa matatu inashinda, yakizidi manne ndege inarudi mchezoni. Sisi tumekaa katikati, hivyo ndege zitabaki na watu wa aina mbili: wanaoenda na kurudi siku hiyo hiyo, na wanaounganisha JNIA, uwanja mkubwa wa Dar, kwenda mbali. Hao wa pili treni haiwapati vizuri.

Aliyeumia zaidi kwa maoni yangu sio ndege, ni basi.

## Bongo na Afrika

13. Fastjet ilikuja na bei poa, ikaishia wapi?

Ilianza Novemba 2012 na Airbus A319, bei ya kuanzia 32,000 bila kodi na ada, watu ambao hawajawahi kupanda ndege wakapanda. Mwishoni mwa 2018 ikasimama, madeni yakiwa yamejaa.

Mtindo wa swali la 8 unahitaji ndege kubwa ijae, iruke mara nyingi kwa siku, na viwanja vya bei nafuu. Hapa abiria hawakuwa wengi kiasi cha kujaza jeti kila safari, hakuna kiwanja cha pembeni cha bei chee kama wanavyotumia Ryanair kule Ulaya, viwanja vingi havikuwa na taa za usiku hivyo ndege inalala mapema, na gharama ni dola. Juu yake 2016 ATCL ikafufuliwa na ndege mpya za serikali. Ushindani ulishusha bei kweli, ila bei iliyoshuka chini ya gharama ina tarehe yake ya mwisho.

14. ATCL kila mwaka CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anasema hasara, kwa nini isifungwe?

Historia fupi. Ilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kufa, 2002 Afrika Kusini wakanunua asilimia 49, 2006 serikali ikairudisha, ikasinzia, 2016 ikaamshwa. Ndege zinamilikiwa na TGFA, wakala wa ndege za serikali, ATCL inazikodi. CAG aliripoti hasara ya bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa 2023/24, na sehemu ya sababu ni zile injini za swali la 9, ndege haziruki kodi inaendelea.

Wanaotetea wanasema angalia watalii, wafanyabiashara wanaoenda Guangzhou na Mumbai bila kuzungushwa, mizigo ya minofu na mbogamboga kwenye ile 767 ya mizigo iliyokuja Juni 2023, hivyo havionekani kwenye vitabu vya shirika. Ni hoja ya kweli. Shida yangu ni kwamba faida hizo hazipimwi popote wakati hasara inapimwa kila mwaka. Kama tumeamua ni huduma kama barabara, basi iandikwe kwenye bajeti kwamba njia fulani inalipiwa kiasi fulani na tujadili Bungeni, sio kila Aprili ripoti ya CAG ikitoka tunashtuka upya kama hatukujua. Na mashindano ya hivyo yanamuumiza Precision na wengine wasio na hazina nyuma yao.

15. Kwa nini tusiruhusu shirika la nje liruke Dar–Dodoma?

Karibu nchi zote zinakataa wageni kubeba abiria wa ndani. Tangu mkataba wa Chicago wa 1944 anga ni mali ya nchi, na haki za kuruka zinapatikana kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Afrika ilikubaliana kufunguliana anga mjini Yamoussoukro, Ivory Coast, 1999, ikazindua soko la pamoja Januari 2018, utekelezaji ni wa kusuasua. Na hata hilo soko linahusu safari kati ya nchi na nchi, sio za ndani.

Mfano mzuri ni Januari 2024. Kenya iliikatalia ndege ya mizigo ya ATCL kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu, TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, ikatangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways za Nairobi–Dar kuanzia tarehe 22. Yakaisha ndani ya siku chache kwa mazungumzo, ila lilionyesha wazi kwamba ushindani wa anga unaamuliwa ofisini kabla ya kuamuliwa kwenye bei.

16. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato ukikamilika tiketi zitashuka?

Peke yake hapana. Njia ya kurukia ya mita 3,600 inaruhusu ndege kubwa kutua, lakini ndege kubwa inafuata abiria, haifuati lami. Kinachoweza kusaidia ni kama Ethiopian au mwingine ataona inafaa kuleta safari ya moja kwa moja makao makuu, hapo tutakwepa kipande cha Dar. Upande wa hasara, uwanja wa sasa uko hapa hapa mjini, Msalato utalipia teksi ya maana.

## Maswali ya pembeni

17. Maili au pointi wanazokupa ukisafiri nao zina thamani kweli?

Kwa shirika, sana. American Express waliilipa Delta karibu dola bilioni 7 mwaka 2023 kwa ajili ya kadi na maili. Mwaka 2020 United walikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka dhamana mpango wao wa maili, sio ndege. Kwa msafiri wa Bongo asiye na kadi hizo, maili ni zawadi ndogo, usikubali kulipa zaidi kwa ajili yake.

18. Ulaya kuzifungia ndege zetu kunanihusu mimi ninayeruka Dodoma tu?

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao, Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Hoja yao kubwa ilikuwa usimamizi wa usalama wa mamlaka, ndo maana wakafungiwa hata wasiowahi kuwaza kwenda Ulaya. Kwako inakugusa kwa mlango wa nyuma: kampuni za utalii za Ulaya zinalazimika kumwambia mteja anapanda ndege ya nani, mteja akiogopa siti zinabaki tupu, na siti za watalii ndo zilikuwa zinasaidia kubeba gharama za njia za ndani.

19. Ni kweli kuna ndege zinaruka tupu makusudi?

Zimewahi. Viwanja vilivyojaa kama Heathrow vinagawa nafasi za kutua, na usipotumia yako asilimia 80 ya msimu unanyang'anywa. Nafasi hizo ni mali, Oman Air iliripotiwa kulipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya nafasi za Heathrow, ya kutua na ya kupaa, 2016. Wakati wa korona masharti yalilegezwa.

20. Nikikata tiketi ndefu ya bei ndogo nikashukia njiani, kuna kosa?

Sio jinai, ila unavunja masharti ya tiketi. Begi lililoingizwa chini linaendelea mpaka mwisho wa safari, na ukiruka kipande kimoja mfumo unafuta vilivyobaki, pamoja na kurudi. Bei ndefu inakuwa ndogo kwa sababu ya swali la 7.

21. Shirika likifa nikiwa na tiketi mkononi inakuwaje?

Unaingia kwenye foleni ya wadai, nyuma ya benki, wakodishaji wa ndege na mara nyingi nyuma ya wafanyakazi. Wenzetu waliolipa kwa kadi ya benki wanaweza kuomba muamala urudishwe, sisi tuliolipa kwa simu mlango huo mara nyingi haupo. Kama ulikata kupitia wakala anza na wakala, kama shirika bado lina leseni peleka malalamiko kwenye baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga lililo chini ya TCAA, na tunza risiti na ujumbe wote.

Dalili huwa zipo kabla: safari zinaunganishwa mbili kuwa moja, ndege zimepaki wiki nzima, mafundi na marubani wanalalamikia mishahara, halafu ghafla ofa kubwa ya tiketi za miezi sita ijayo. Ofa ya hivyo kutoka kwa shirika lenye afya ni ofa. Kutoka kwa lenye dalili hizo ni mkopo, na anayekopwa ni wewe, kwa hiyo kata ya wiki ijayo tu au panda treni.